Mwaka Tuliofuga Dumuzi

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu, na pale kaburini mtu mmoja mwenye sauti nzuri alisoma kwamba marehemu alijitolea kumsomesha binti yake hadi akapata shahada ya uzamifu, ile ambayo juu yake hakuna nyingine. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Si kwamba alisoma uongo. Aliusoma ukweli kama mtu anayekupa ganda la ndizi na kukuambia umekula ndizi. Nilimtazama Nafula, binti mwenyewe, wifi yangu, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko zangu, naye akanitazama. Kicheko kikatuponyoka. Jioni wajukuu wangu waliniuliza kwa nini shangazi yao na mimi tulikuwa tunacheka mazishini, na nilipowaambia ni habari ndefu, wakasema basi iandike. Kwa hiyo naandika habari za mwaka ule mmoja tu. Kabla yake na baada yake atasimulia mwingine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na tulikaa Nairobi, mtaa wa Umoja. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, jiko ambalo watu wawili hawangeweza kupishana bila mmoja kutoka nje, na stoo ndogo ambayo mtu akilala miguu inagusa mlango. Hiyo stoo ndiyo Nafula alipewa. Alikuja bila taarifa, siku ambayo wanafunzi walipambana na polisi na chuo kikafungwa, jambo ambalo miaka ile lilikuwa la kawaida kama mvua ya Aprili. Wenzake walibeba magodoro na redio. Yeye alishuka na katoni za chupa za jemu, amezikumbatia kama mtoto mgonjwa, na nguo zake amezifunga kwenye leso. Baba Simiyu, mume wangu, ambaye ni kaka yake, alifungua katoni moja akaruka nyuma. "Nafula! Umeniletea dumuzi nyumbani?" Kwa asiyejua, dumuzi ni mdudu mdogo mweusi anayetoboa mahindi mpaka gunia zima linabaki unga usiolika. Kwetu magharibi alikuwa mgeni wakati huo, ndiyo kwanza ameanza kuingia, na watu walikuwa wanamwogopa kuliko mwizi, maana mwizi huchukua gunia moja akaenda.

Kazi yake, kwa jinsi nilivyoielewa mimi niliyeachia shule darasa la nne, ilikuwa hivi. Chupa nyingine zilikuwa na mahindi na dumuzi peke yao. Nyingine zilikuwa na mahindi, dumuzi na majani ya mwarobaini yaliyosagwa. Nyingine zilitiwa majivu. Kila chupa ilifunikwa kwa kitambaa chepesi kilichofungwa na mpira, na ubavuni ilikuwa na karatasi yenye herufi. Kila baada ya muda alizifungua, akachekecha, akahesabu walio hai na waliokufa, akapima unga waliotoa. Maabara ya chuo ilikuwa imefungwa kwa kufuli na askari amesimama mlangoni, na wadudu hawajui habari ya kufuli. Wakifa, kazi ya miaka imekufa. Na muda aliopewa na chuo ulikuwa umeshaongezwa mara ya mwisho. Msimamizi wake, mzee mmoja mkavu asiyependa maneno, alimwambia asipowasilisha kabla ya muda huo kwisha, jina lake litafutwa. Chupa zikaingia chini ya kitanda chake stoo, penye joto na giza, na mimi nikaambiwa nisifagie humo. Nikasema sawa, lakini akitoka mmoja akaingia kwenye unga wangu, mtahama nyote.

Nikisikia leo vijana wakisema masomo yamewachosha, huwa naikumbuka mikono ya Nafula mwaka ule. Aliuma kucha mpaka vidole vikawa vyekundu. Nywele zilimtoka akizichana, akazikusanya na kuzitia mfukoni ili nisizione, kana kwamba mimi sifui nguo. Sura moja ya kitabu alichokuwa anaandikia shahada ilipelekwa kwa msimamizi ikarudi imejaa wino mwekundu. Akaiandika upya, ikarudi tena na wino uleule mahali pengine. Chakula alikizungushazungusha kwenye sahani. Na watu hawakumwachia nafasi ya kupumua. Akitoka kuchota maji, jirani yetu Mama Wambui, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba soko la Gikomba, alimwita kutoka mlangoni kwake: "Nafula, wewe bado unasoma? Kwani hizo vitabu haziishi?" Akienda kanisani, akina mama wa ushirika walimzunguka wakamwombea apate mume, na walipomaliza wakamwombea amalize shule, kwa mpangilio huo. Mmoja alimwambia, "Mungu ni mwaminifu, dada, hata Sara alizaa uzeeni." Nafula alifika nyumbani akacheka mpaka akalia, na kicheko na kilio sikuona vilipoachana.

Sikujua namna ya kumsaidia na masomo, kwa hiyo nilimsaidia na nilichokijua. Niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Umoja, na kila jioni kulikuwa na omena wa kuchambuliwa, kutoa mawe na mchanga. Nikamwambia, katika jiko hili mtu hashiki kalamu kabla hajachambua sinia moja. Alinuna. "Mama Simiyu, sina muda." Nikamwambia, "Muda wa kuuma kucha unao." Akakaa kwenye kigoda. Siku za kwanza tulichambua kimya, yeye amekunja uso. Halafu akaanza kuongea, si habari za chuo, hiyo niliipiga marufuku jikoni. Aliongea habari za nani kaolewa na nani, na bei ya sukari, na jinsi mchungaji alivyojikwaa kwenye waya wa kipaza sauti katikati ya kukemea mapepo. Sinia likiisha, alikuwa ameshakula mandazi mawili bila kujua. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine na sikujifanya ninayo.

Chuo hakijafunguliwa bado, mama yao Nafula na Baba Simiyu, yule mama mkwe wangu, akaja kututembelea. Watoto walimwita Kukhu, yaani bibi kwa lugha yetu, na sisi wote tukamwita hivyo. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, asiyejua kukaa. Kwa mila yetu mama wa zamani kama yeye halali chini ya dari moja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo usiku alikwenda Mowlem, mtaa wa jirani, kwa mjane mmoja wa kijijini kwetu, Mama Rispa, na asubuhi akarudi kwetu kwa miguu, amefunga kitambaa kichwani, tayari kwa kazi. Siku moja Baba Simiyu alikuwa kiwandani, watoto shuleni, mimi sokoni, na Nafula ameitwa mjini na msimamizi wake. Kukhu akabaki peke yake na nyumba. Akafagia vyumba, akafagia jiko, akakosa kitu cha kufagia. Akafungua stoo.

Niliporudi nilizikuta zile chupa zote zimepangwa juu ya ukuta wa uani, zimeinamishwa, zinang'aa. Karatasi zenye herufi alikuwa amezibandua kwa maji ya moto na kuzisugua kwa majivu hata gundi isibaki. Ungo ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Kukhu alikuwa ameketi kizingitini akinisubiri, na sikupata hata nafasi ya kumwamkia. "Mama Simiyu. Wewe ni mkamwana wa namna gani? Mwanangu anafanya kazi kiwandani anakuletea mahindi, unayaficha chini ya kitanda yaliwe na dumuzi? Ungesema umeshindwa kuanika, ningekuja kuanika." Alikuwa ameyamwaga yote juani, wadudu wakakimbia, kuku wa Mama Wambui wakala waliowaweza, halafu akapepeta, akachagua yaliyofaa, akapeleka kwa mashine ya kusaga. Nilisimama na beseni la omena kichwani na sikuweza kulishusha. 

Nafula aliingia saa ya chakula. Alizipita chupa pale ukutani, akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akazitazama tena.  Mama yake alikuwa amekwisha kutenga ugali na sukuma na omena, na uso wake ulikuwa wa furaha kabisa. "Njoo ule, mwanangu. Umekonda kama mpini. Nimekusafishia na chumba." Nafula akanawa mikono. Akakaa. Akakata tonge la ugali wa mahindi yale, akalitazama, akala. Nami nikala, kwa kuwa ningefanya nini. Ulikuwa mchungu, ule uchungu wa mwarobaini unaobaki nyuma ya ulimi. Kukhu akatafuna akakunja uso. "Mahindi ya Nairobi haya hayana ladha," akasema. "Nitawaletea ya nyumbani." Nafula akamaliza sahani yake yote. Wiki hizo zote nilikuwa namsihi ale, na siku hiyo alikula mpaka mwisho, akamwambia mama yake asante, akaenda stoo akafunga mlango.

Hakutoka siku iliyofuata wala ya pili. Ya tatu nilimkuta jikoni asubuhi, amevaa vizuri, na akaniambia kuna shule ya sekondari Bungoma inataka mwalimu wa sayansi, ataandika leo kukubali. "Nimechoka, Mama Simiyu. Hata kama ningetaka kuanza upya, wadudu niwatoe wapi? Wale wa maabara wamekufa. Na kazi yangu ni juu ya wale wa kwetu, si wa Pwani ambao ni rahisi kupata." Nikamwambia ualimu si aibu, aende, ila kwanza amwambie mama yake ni kwa nini ameacha. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Huyo usimwambie. Nikimwambia itamuua." Sauti kutoka mlango wa uani ikasema, "Nini itaniua?"

Kukhu alikuwa ametoka Mowlem mapema. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Nafula aliinamisha kichwa, na mimi nikaona kwamba hapo hakuna atakayesema kama si mimi. "Mama, yale mahindi hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Nafula, ndiyo masomo yake. Wale dumuzi alikuwa anawafuga."

"Anawafuga?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama kuku?"

"Kama kuku. Ili ajue namna ya kuwaua."

Kukhu alikaa kwenye kile kigoda cha omena. Alimtazama binti yake kuanzia miguuni. "Na ulikula," akasema. "Nilikupa ukala, ukaniambia asante." Nafula akaanza kulia, na mama yake hakumbembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliuliza swali moja tu: mtu akileta wengine wa kutoka kwetu, wazima, hiyo kazi itaweza kuanza tena na kwisha kabla hawajafuta jina? Nafula akasema labda, ikianza mwezi huu. Kukhu akasimama, akafunga leso yake kiunoni, akasema, "Basi hiyo barua ya Bungoma ngoja nayo kwanza." Na jioni hiyo alikuwa ndani ya basi la kurudi nyumbani.

Sasa hapa ndipo yule msomaji wa mazishini angepaswa kusimama kidogo. Ghala la Kukhu halikuwa na mdudu hata mmoja. Alikuwa mwanamke wa kuanika na kupepeta. Kwa hiyo ilimbidi akaombe kwa watu. Hebu fikiria mama mzee anayezunguka kijijini nyumba kwa nyumba, mkononi mkebe uliotobolewa matundu kifunikoni, anauliza, "Mna dumuzi? Nigawieni wachache, walio hai." Mdudu ambaye watu wanafunga na kuomba asivuke mto kuja kwao. Waliokuwa naye waliona haya kukubali, na wasiokuwa naye waliuliza anamtakia nini. Akasema ni wa shule ya binti yake. Nani angeamini? Mtu anayesoma hukusanya vitabu. Anayekusanya dumuzi usiku wa kuamkia mavuno anataka kuwaachilia kwenye ghala la mtu. Kabla hajapanda basi la kurudi Nairobi, neno lilikuwa limeshapita: mama yake Nafula amegeuka mchawi.

Neno hilo lilifika Mowlem kabla yake. Alitua kwetu mchana, akampa Nafula mkebe, akanywa chai, akaenda zake kulala kwa Mama Rispa kama kawaida. Jua halijazama akarudi. Alikaa kizingitini mpaka nilipomuuliza kulikoni. "Hakunifungulia," akasema. "Alisema kupitia dirishani kwamba ana watoto wadogo. Watoto wa Rispa wana ndevu." Baba Simiyu akasema mila ziwekwe kando, mama atalala ndani. Kukhu akakataa katakata. Ameitwa mchawi, asiongeze na kuvunja mwiko. Tulikuwa bado tunabishana uani wakati Mama Wambui alipotoa kichwa juu ya ukuta. Hakuwa anajua lugha yetu, alisikia tu mzee hana pa kulala, akamwita kwa neno la kwao la bibi. "Shosho, kuja kwangu. Kitanda iko. Wambui atalala na mimi." Nikaona ni haki ajue, nikamweleza yote, mdudu, mkebe, uchawi. Akapiga kofi hewani. "Uchawi ya wadudu? Mimi niogope wadudu na panya za Gikomba ziko ndani ya stoo yangu? Shosho, kuja. Unatumia chumvi kwa chai?" Tangu siku hiyo Kukhu alilala kwa Mama Wambui kila alipokuja Nairobi, kwa miaka yote. Waliongea Kiswahili ambacho hakuna mwingine aliyekielewa.

Chupa zikajazwa upya, karatasi zikabandikwa. Kukhu akarudi kijijini, na huko, nilisikia kidogo kidogo kwa watu waliokuja sokoni, wanawake waliacha kumwita kwenye zamu ya kupalilia. Alikaribisha watu chai wakasema wameshiba. Alilima peke yake msimu ule wote. Katika barua alizoandikiwa na mtoto wa jirani hakulitaja hilo. Alisalimu, akauliza kama wadudu wanakula vizuri. Nafula hakujua. Kisha ile hali ikamrudia, kucha, nywele, sura zenye wino mwekundu, na jioni moja aliniambia hajui kama anaweza. Nikaweka sinia la omena chini nikamwambia yote: zamu ya kupalilia, chai iliyokataliwa, kila kitu. "Mama yako anaitwa mchawi huko kwa ajili ya kitabu chako. Ukikiacha, atakuwa mchawi wa bure." Baba Simiyu alinigombeza kwa maneno hayo. Mimi siyajutii. Kuna watu hufanya kazi wakipetiwapetiwa, na Nafula hakuwa mmoja wao. Alimaliza omena wake, akaingia stoo, nikasikia karatasi.

Alimaliza. Sitasimulia habari za kuchapisha, wala za siku ile alipohojiwa na maprofesa, maana sikuwapo. Alirudi akaniambia walimuuliza maswali akayajibu, akalala kama aliyepigwa. Ninachoweza kusimulia ni sherehe, kwa kuwa hiyo ilikuwa uani kwetu. Tulikodi hema na viti, tukapika mchele na kuku, na basi zima likaja kutoka kijijini, maana watu wetu hata kama wanakuogopa, kwa chakula cha Nairobi watakuja. Mama Rispa naye alikuja, akakaa safu ya nyuma. Watu walikula, wakaimba, mchungaji akaomba sana. Halafu Kukhu akasimama. Hakuwa kwenye ratiba. Alisema kwa lugha yetu, bila kupandisha sauti, kwamba kabla ya keki kukatwa binti yake ana neno la kuwaeleza watu wa nyumbani kuhusu dumuzi.

 Nilimwona Nafula akifuta viganja kwenye joho lake. Alianza vibaya, kwa maneno ya chuo, mama yake akamkatiza: "Ongea kama mtu." Akaanza tena. Akaeleza chupa, mahindi, mwarobaini, majivu. Akaeleza jinsi mahindi ya kwanza yalivyogeuka ugali, na watu wakacheka, na Kukhu hakucheka. Kisha wanawake wakaanza kumhoji, na nawaambia, kama maprofesa walimuuliza hivyo basi alistahili ile shahada. Kwa nini walikuwa lazima wawe hai? Kwa nini usinunue dawa dukani ukamaliza? Mmoja mwenye sauti nene, aliyetoa dumuzi wake kwa kusitasita, aliuliza majani hayo yanatiwa kiasi gani kwa gunia. Mwisho Mama Rispa akasimama huko nyuma, hamtazami mtu. "Na wale waliobaki kwenye mkebe? Mliwaachilia wapi?"

"Niliwaua wote," Nafula akasema. "Niliwachemsha kwenye sufuria ya Mama Simiyu." Hilo mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilisikia siku hiyo, na sufuria hiyo ndiyo iliyopika mchele waliokuwa wamekula, lakini nikakaa kimya. Nafula akashusha sauti.  "Mama yangu si mchawi," akasema. "Aliomba wadudu kwenu kwa sababu nilikuwa nimeshindwa, na hakutaka nishindwe."

 Kukhu alikuwa bado amesimama, mikono yake mikubwa imeshikana mbele, anatazama ile safu ya mwisho ya viti.

"Rudia," akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."